Kaseti Iliyotoa Mate

Kaseti ilikuwa na mate. Nthenya aliifuta kwa leso, akaiweka juu ya tivii, akarudi jikoni kuonja muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na alipotoka tena ilikuwa imelowa. Si jasho la plastiki, hapana, mate kabisa, yale ya kuvutika, ukiweka kidole ukiondoa uzi unabaki ukining'inia. Alijifuta kidole mara tatu kwenye sketi.

Akamtazama mtoto. Ni huyu, alijiambia. Kamanthe alikuwa na miezi minane, meno yanamtoka, na alikuwa anatafuna kila kitu cha nyumba ile, rimoti, kandambili, kona ya kitanda. Asubuhi hiyo Nthenya mwenyewe ndiye alimpa hiyo kaseti atafune ili anyamaze. Ni makosa, lakini ni mama gani hajawahi kumpa mtoto kitu kisichofaa ili akate kitunguu kwa amani?

Shida ni kwamba Kamanthe alikuwa amelala tangu saa nne. Na sasa ilikuwa saa nane.

Nthenya hakupenda mate. Watu wa kwa mume wake walijua hivyo na walimcheka. Siku ya nne baada ya Kamanthe kuzaliwa, nyanyake mumewe Kyalo, Susu Nzembi, alitoka Matuu na kuja kumpa mtoto jina, akamtemea mate kifuani, tph, tph, baraka ya Kikamba, mate membamba yenye harufu ya chai. Nthenya alitabasamu. Halafu Susu alipogeuka kutafuta viatu vyake, alimfuta mtoto haraka haraka kwa kitambaa chenye dawa. Hakumwambia mtu.

Kyalo alikuwa mpimaji wa malori kwenye machimbo ya mawe upande wa Lukenya. Akirudi nyumbani kwao Kinanie, vumbi hadi kwa kope, hakutaka pombe wala mpira. Alitaka gemu za zamani, zile za kaseti, za wakati watu wanalipia kucheza dukani kwa jirani. Alikuwa na mashine nne kuukuu alizozifufua kwa solda, na meza nzima ya sebuleni ilikuwa waya na misumari midogo ambayo Nthenya aliiokota kila siku kabla mtoto hajaila.

Kaseti hii aliileta Jumatatu. Haikuwa na karatasi ya jina mbele, ila alama ya mahali karatasi ilipobanduliwa.

"Umeitoa wapi?" Nthenya alikuwa amemuuliza.

"Kwa ule jamaa wa vitu vya kuokota, pale Machakos. Nimenunua waya, akaniongezea hii bure. Bure, Mama Kamanthe!"

"Yeye alisema ni ya nini?"

"Alisema ilitoka kwa nyumba fulani Mombasa, wenyewe walihama wakaacha kila kitu, hadi chakula kwa meza." Kyalo alicheka. "Hata yeye ni mtu wa ajabu. Alikuwa anaishika na gazeti."

Alipoichomeka kwa mashine ilikataa kuwaka. Basi akafanya kile ambacho kila mtu aliyekua na gemu za kaseti amefanya tangu utotoni: akaitoa, akaiweka mdomoni kama harmonika, akapuliza. Fuuu. Akachomeka. Ikakataa. Akapuliza tena, kwa nguvu, hadi mate yakaruka. Fuuu.

Ikawaka.

Kwenye tivii kilitokea chumba kimoja. Mlango, kitanda, na mwanamke ameketi sakafuni akiwa amewapa mgongo, ameinama juu ya kitu alichokipakata. Ukibonyeza vitufe hakuna kilichosogea. Ila chini ya skrini lilijiandika jina, KYALO, na mbele yake mstari mwekundu, kama ule wa uhai kwenye gemu za kupigana. Ulikuwa umejaa.

"Imejuaje jina lako?"

"Itakuwa imesoma kwa kompyuta yangu hapo chini," alisema Kyalo, macho yakimeta. "Nthenya, hii haiko kwa orodha yoyote! Wacha wenzangu waione."

Usiku huo huo aliinakili na kuiweka Kijiweni.

Kijiwe, ndivyo yeye na wenzake wa gemu walivyouita mtandao wao, hakikuwa kama ile mitandao mingine yenye kampuni mahali na bosi wa kufungia watu. Kilijengwa kwa programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzifungua aone zilivyoshonwa ndani, azirekebishe, awape wengine. Kila mwanachama alikuwa na kompyuta ndogo nyumbani kwake, haizimwi, na kila kompyuta ilitunza nakala ya vitu vya wote, mazungumzo, picha, gemu, hata orodha ya nani amefika wapi kwenye gemu gani. Ya Kyalo ilikaa chini ya meza ya tivii, ndogo kama sanduku la sabuni, taa ya kijani ikipepesa.

"Hata nyumba kumi ziungue, zingine ziko na kila kitu," alipenda kusema. "Hakuna mwenyewe. Hakuna wa kufuta."

"Na mtu akiweka uchafu?"

"Tunaongea na yeye."

"Uchafu unaongeleshwa, Kyalo?"

Alicheka, akambusu kwenye paji la uso, akarudi kwa wenzake ambao hakuwahi kuonana nao.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, jua la Kinanie linachoma mabati hadi yanalia, na Nthenya amesimama katikati ya sebule na leso iliyolowa mate. Akainusa. Heri asingeinusa! Ilikuwa na harufu ya maziwa yaliyolala, na chini yake kitu kingine, kama mdomo wa mgonjwa aliyeacha kuongea siku nyingi. Akaitupa leso nje, akanawa mikono hadi kwenye viwiko.

Kamanthe aliamka, Nthenya akamnyonyesha. Mtoto alivuta mara mbili, akaacha. Akageuza kichwa kuelekea tivii ambayo ilikuwa imezimwa, akatulia hivyo, mdomo wazi, maziwa yanamtiririka shavuni. Nthenya alimrudisha kifuani. Akavuta mara moja, akaacha, na safari hii kifua chake kidogo kilisimama. Hakikupanda. Nthenya alihesabu bila kutaka, moja, mbili, tatu, nne, hadi saba, ndipo Kamanthe akavuta hewa kwa sauti, hiiiik, kama mtu aliyetolewa majini.

Na pale juu ya tivii, kutoka kwenye kaseti ambayo haikuwa imechomekwa popote, ilisikika pumzi ikitoka pole pole. Fuuu.

Ijumaa alimpeleka zahanati. Daktari alimsikiliza Kamanthe kifua mbele na nyuma. "Kifua kiko sawa, mama. Ni meno tu hayo." Nthenya alitaka kumwambia njoo nyumbani usikilize kitu kingine, lakini utasema nini, daktari njoo unisikilizie kaseti?

Kyalo naye alisema ni joto. Harufu je? Harufu ni ya zile ngozi mbichi zinazopita kwa malori barabarani. Mate je? Ni plastiki ya zamani, inatoa mafuta. Kila kitu kilikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa ya Kyalo.

"Basi iwashe," Nthenya alimwambia Jumamosi mchana Kyalo alipotoka kazini. "Iwashe mbele yangu, kama ni plastiki."

Akaiwasha. Haikuhitaji kupulizwa. Chumba ni kile kile, lakini mwanamke alikuwa amegeuka kidogo, sasa shavu lake lilionekana, la kijivu, limevimba kama la mtu mwenye chakula mdomoni, na lilikuwa linacheza, linanyonya. Chini yake majina yalikuwa mawili. KYALO, mstari umebaki nusu. Na KAMANTHE, mstari umebaki kipande kifupi kama ukucha.

"Nani aliandika hilo?" Kyalo aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mimi unaniuliza?"

Kamanthe, mgongoni kwa mama yake, alishika pumzi. Kipande cha mstari kikapungua. Wote wawili walikiona.

"Zima. Kyalo, zima!"

Kabla hajagusa, stima ilipotea, nyumba zote za plot, wakasikia redio ya jirani ikikatika, friji ikanyamaza. Tivii haikuzimika. Nthenya aliivuta kaseti kwa mkono wake mwenyewe, na ilitoka kwa shida, ikishikilia, ikitoa sauti ya mdomo unaoachana na kitu, na alipoigeuza akamulika na tochi ya simu mahali pale panapopulizwa, pale ambapo panatakiwa kuwa na meno ya shaba yamejipanga, hakukuwa na shaba, kulikuwa na fizi, fizi nyekundu, zimelowa, zina utando mweupe kama wa maziwa yaliyoganda, na ndani zaidi kitu kinene kikijikunja na kujikunjua pole pole kutafuta kidole chake.

Alitapika hapo hapo kwenye meza ya waya.

Susu Nzembi, ambaye Kyalo alimpigia simu usiku huo, alifika Jumapili baada ya misa, rozari ingali shingoni, kibuyu kidogo kwapani. Hakuuliza maswali mengi. Alifunua leso waliyofungia kaseti ndani ya sufuria, akachungulia, akaifunika.

"Aiya," alisema tu. Halafu akamgeukia mjukuu wake. "Kyalo. Wewe nilikutemea mate siku ya nne. Baba yako pia. Mate ni ya nini?"

"Ni baraka, Susu."

"Ni kumwambia mtu karibu kwetu, kaa hapa, wewe ni wetu. Sasa wewe ukachukua pumzi yako na mate yako ukapatia kitu hujui mama yake. Ulipuliza mara ngapi?"

Kyalo alitazama chini. "Sijahesabu, Susu. Gemu ikikataa lazima upulize."

"Lazima! Nani alisema lazima?"

"Kila mtu anafanya hivyo."

"Basi kila mtu ni mjinga. Hiyo ni jini ya watu, walimkalisha hapo ndani wakamwacha na njaa. Ukampulizia. Akasema asante." Susu alimtazama Nthenya. "Na hii mtoto yetu, mate yake yalifikaje hapo?"

Nthenya alianza kulia. "Mimi nilimpa atafune. Nilikuwa nakata kitunguu." Halafu lile lingine nalo likatoka, lilikuwa limekaa miezi minane. "Na yale mate yako, Susu... niliyafuta. Niliona ni uchafu."

Alingoja kutukanwa. Susu alimtemea Kamanthe kifuani upya, tph, tph, na kumpaka kwa kidole gumba. "Usifute," alisema.

Kisha akamwaga majivu ya jikoni kwenye sufuria. Kilichotolewa kwa mdomo kingerudishwa kwa mdomo, ndivyo alivyosema. Aliyepuliza avute. Mtoto hawezi, mama yake atamvutia, kwa sababu mtoto anayenyonya ana mdomo mmoja na mama yake.

"Mnavuta, mnatema kwa majivu. Lakini sikia, Nthenya. Usimeze. Hata tone. Ukimeza anapata nyumba mpya. Na hiyo ikifanyika uniambie, usione haya, kwa sababu huyu hatanyonya tena kwako, nitaenda na yeye Matuu, umwone akiwa mkubwa ameacha titi."

Nthenya alimkumbatia Kamanthe kwa nguvu. "Sitameza."

Kyalo alitangulia. Aliweka kaseti mdomoni kama alivyozoea, macho amefumba, akavuta, na mashavu yake yakajaa, yakavimba, akatema majivuni kitu cha kijivu kinachotembea chenye nywele ndani yake, nywele ndefu, akavuta tena, akatema, mara tano, mara sita, huku akilia kwa pua kama mtoto aliyepigwa, hadi alichotema kikawa maji matupu na Susu akampiga begani, inatosha.

Halafu ikawa zamu ya Nthenya, Nthenya ambaye hakuweza kunywa kwa kikombe cha mtu mwingine, Nthenya aliyemfuta mtoto wake baraka, akaishika kaseti iliyo moto kama paji la mtoto mwenye homa na kuiweka kati ya midomo yake, na mara tu ilipogusa ikafunguka, fizi zikaupokea mdomo wake kama zilikuwa zinaungoja, ladha ikamjaa, maziwa, maziwa yake mwenyewe, aliyajua, ya tangu Alhamisi, yameganda mabonge mabonge, yanateleza kama kohozi, na alipojaribu kutoka kile kitu kinene kikaja mbele kikamshika ulimi, kikaufyonza, kikauvuta, naye anavuta huku na chenyewe kinavuta kule, macho yanamtoka, anamsikia Kamanthe mikononi mwa Susu ameshika pumzi, anahesabu kichwani, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, akavuta kwa nguvu zote za mwili wake na kitu kikakatika kule ndani, mdomo ukajaa pomoni, akainama juu ya sufuria akatema, akatema, akatema, utando, mabonge, na kijino kimoja cheupe kisichokuwa cha mtu yeyote nyumbani humo.

Kamanthe alilia. Kilio kikubwa, cha hasira, cha mapafu yote mawili. Kilikuwa kizuri kuliko wimbo wowote.

Lakini tone moja lilikuwa limeshuka. Alilisikia. Zito, vuguvugu, likipita kooni bila kuuliza.

"Umemeza?" Susu aliuliza.

Nthenya alimtazama mtoto, ambaye alikuwa amenyoosha mikono kuelekea kwake.

Akatikisa kichwa, la.

Susu alimkazia macho kwa muda mrefu. Halafu akaiweka kaseti kwenye jiko la makaa, akamimina juu yake dawa ya kibuyu, na ikaungua kwa harufu ya nywele na uji uliomwagikia moto, ikilia kama kitu chembamba kilichobanwa mlangoni, hadi ikanyamaza. Majivu waliyazika mbali, nyuma ya ua. Jioni Susu alipanda gari kurudi kwake.

Siku tatu zikapita nzuri. Leso zilikauka. Kamanthe alikuwa anapumua kama watoto wengine, anakula uji, anacheka na kuku wa jirani. Nthenya alianza kujiambia kwamba lile tone lilikuwa mate yake mwenyewe, mtu humeza mate yake, si ndiyo?

Jumatano Kyalo alikumbuka Kijiwe.

"Ile nakala," alisema, na rangi ikamtoka. Akaketi, akaifuta kwenye kompyuta yake. Baada ya dakika moja ikarudi. Ndivyo programu ilivyoundwa, ikiona kitu kimepotea kwa mmoja inaazima kwa wengine na kujiziba. Akachomoa kompyuta ukutani, lakini kwenye simu bado aliona Kijiwe kikiendelea bila yeye, nyumba ishirini na tatu zimeshaipokea ile gemu. Akaandika onyo, yote, fizi na nywele na majivu, bila kuficha. Wakamcheka. Mmoja alisema, wewe Kyalo andika sinema. Mwingine alisema basi tuifungue gemu yenyewe tuone ilivyoshonwa ndani. Mwanamume mmoja wa Syokimau, Kimanzi, aliandika: *Kwangu ilikataa kuwaka. Nikaiweka kwa kaseti tupu, nikapuliza kidogo. Sasa iko sawa kabisa.*

Aliweka na picha.

"Kuja uone," Kyalo alisema kwa sauti ndogo.

Nthenya alikuja na Kamanthe kifuani, ananyonya. Kwenye picha chumba ni kile kile, mlango na kitanda. Sakafuni hapakuwa na mtu. Mwanamke alikuwa ameondoka. Chini palikuwa na ile orodha ambayo Kijiwe hugawa kwa nyumba zote, nani amefika wapi. KYALO, hakuna mstari tena, kama aliyetoka kwenye gemu. KAMANTHE, hakuna mstari. KIMANZI, umejaa.

Na kati yao jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliandika Kijiweni. NTHENYA. Mstari wake ulikuwa mrefu kuliko yote, umevuka skrini, umetoka nje ya picha.

Kyalo aligeuka pole pole. "Mama Kamanthe. Si ulimwambia Susu haukumeza?"

Kamanthe alikuwa ameacha kunyonya. Mtoto aliinua kichwa, akalitazama titi la mama yake kwa makini, kama mtu anayetazama kitu kilichokataa kuwaka. Uzi wa mate ulining'inia kati yao, na haukutoka mdomoni kwa mtoto, ulitoka kwenye chuchu.

Kisha akakusanya midomo yake midogo, akaisogeza karibu, akapuliza.

Fuuu.